Nani Atamvika Nishani Mwenye Kitalu wa Ogembo?

Msomaji mpenzi, hebu leo Jumapili, kabla hujaketi mbele ya runinga, toka nje uutazame mti ulio karibu nawe. Huenda ni mjakaranda wa kando ya barabara, mparachichi wa jirani au mkaratusi wa uwanja wa shule. Kisha jiulize: ni nani aliyeuotesha?

Sikuulizi aliyeupanda. Aliyeupanda pengine tunamjua, hasa ikiwa ni mheshimiwa, kwa maana jina lake limeandikwa kwenye kibao cha chuma hapo shinani. Nakuuliza juu ya yule aliyeipokea mbegu, akaitia mchangani, akainyunyizia maji asubuhi na jioni kwa miezi mingi, halafu akauuza mche kwa bei ya kikombe cha chai. Huyo humjui. Usione haya, hata mimi wa kwangu simjui.

Swali hili lilinipata nikiwa Ogembo. Kwa wewe usiyepafahamu, Ogembo ni mji mdogo katika Kaunti ya Kisii, na ulikuwa makao makuu ya wilaya ya Gucha kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka wa 2013. Ni nchi ya milima, udongo mwekundu, migomba na majani chai. Mvua huko hunyesha karibu mwaka mzima, na watu ni wengi kiasi kwamba baba akigawia wanawe shamba, kila mmoja hupata kipande kama kiwanja cha kuchezea mpira. Basi mtu asiye na shamba la kutosha hufanyaje? Wengine huchuma majani chai ya wenzao, wengine huendesha bodaboda. Na wengine huchukua ukanda mwembamba kando ya barabara au karibu na kijito, wakapanga vifuko vyeusi vya nailoni vilivyojaa udongo, wakaanza kitalu cha miche.

Nilisimama kwenye kimoja cha vitalu hivyo. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, amechuchumaa akipalilia. Tukasalimiana, "Bwakire," nami nikamwomba miparachichi minne ya kupeleka Nairobi. Kabla ya kutaja bei akaniuliza nitaipanda wapi, ardhi ya huko ikoje, na ni nani atakayeimwagilia nikiwa kazini. Mimi nikacheka. Nilidhani ni maneno ya kuvutia mteja. Nikapigania bei mpaka akanipunguzia, nikaitia miche kwenye buti la gari na kuondoka nikijiona hodari wa biashara. Mwezi wa tatu yote minne ilikuwa imekauka.

Naam, tangu hapo nimejifunza kidogo kuhusu kazi ya kitalu, na nitakusimulia ili usicheke kama mimi.

Chukua mbegu za mkaratusi. Ni ndogo kama vumbi, ukipiga chafya zimekwenda. Husiwa juu ya udongo uliochungwa na kuchanganywa na mchanga, na maji hunyunyizwa kwa uangalifu, maana ukimwaga kwa kishindo umezisomba zote. Zikiota na kutoa majani mawili au manne, kila kamche huhamishiwa kwenye kifuko chake. Hapo hushikwa kwa jani, kamwe si kwa shina. Jani likivunjika litaota jingine, lakini shina likiminywa kazi imekwisha. Juu hutiwa kivuli cha majani ya migomba au nyasi. Mizizi ikitokeza chini ya kifuko hukatwa, la sivyo mche utajishikiza kwenye ardhi ya kitalu na siku ya kung'olewa utakufa kwa mshtuko. Wiki za mwisho kivuli huondolewa kidogo kidogo na maji hupunguzwa, ili mche uzoee shida za dunia kabla haujakutana na mteja kama mimi.

Mparachichi una mambo yake. Kokwa la parachichi la kienyeji huoteshwa kwanza. Shina likifika unene wa penseli hukatwa, likapasuliwa katikati, na kijiti kilichochongwa cha aina ya Hass kikachomekwa humo na kufungwa kwa utepe wa nailoni. Kisu lazima kiwe kikali na safi, na mkono usitetemeke. Mche uliopandikizwa hivi huweza kuanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, ilhali ule wa kokwa tupu utakungojesha muda mrefu zaidi, na usijue utakuzalia tunda la namna gani.

Hapa kuna kisa nisichoweza kukiacha. Hiyo Hass ni jina la mtu. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua huko California, Marekani, na mwaka wa 1935 aliuandikisha mti uliootea shambani mwake kuwa mali yake kisheria. Miti yote ya Hass duniani ni vijiti vilivyotokana na mti huo mmoja. Wenyewe ulishikwa na ugonjwa wa mizizi, ukafa, ukakatwa mwaka wa 2002, lakini sehemu yake ungali hai kwenye kifuko cha nailoni pale Ogembo! Lakini je, ni nani aliyeusambaza? Hass alifanya mapatano na mwenye kitalu mmoja, Harold Brokaw, aoteshe miche na kuiuza. Mpeleka barua jina lake liko kwenye kila soko la matunda. Umewahi kumsikia mtu akiomba kilo mbili za Brokaw?

Si kwamba wenye kazi hii hawaenziwi popote. Uingereza, chama chao cha kifalme cha bustani kilianzisha mwaka wa 1897 nishani ya heshima ya Malkia Victoria, na mpaka leo wanaoishi nayo kwa wakati mmoja hawazidi watu 63, idadi ya miaka aliyotawala malkia huyo. Marekani vyama vya wenye vitalu na watengeneza bustani hutoa tuzo zao. Hapa kwetu pia wapo waliokumbukwa. René Haller, Mswisi aliyepewa kazi ya kuotesha miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi mwaka wa 1971, alijaribu aina 26 za miti juu ya ule mwamba wa matumbawe. Baada ya miezi sita zilibaki tatu tu, mmoja wazo ukiwa mvinje. Mvinje huo ndio uliojaza machimbo kivuli, na mwaka wa 1987 Umoja wa Mataifa ukamtia Haller katika orodha yake ya heshima ya watetezi 500 wa mazingira. Ukienda Mombasa na watoto, mpitie bustani inayoitwa kwa jina lake.

Halafu kuna Profesa Wangari Maathai. Wengi tunakumbuka Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 2004, lakini mimi ningependa ukumbuke tarehe 5 Juni 1977. Siku hiyo yeye na wenzake waliandamana kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta hadi Kamukunji, wakapanda miti saba kuwaenzi mashujaa saba wa jamii mbalimbali za Kenya. Heshima kubwa hiyo, au sivyo? Ila mitano ilikufa. Miwili tu ndiyo iliyosalia.

Ninaamini mama yule alijifunza jambo hapo, kwa sababu vuguvugu lake la Ukanda wa Kijani halikuwalipa wanawake wa vijijini kwa idadi ya miche waliyopanda. Waliotesha miche wao wenyewe, nao walilipwa senti chache kwa kila mche uliopandwa na kuendelea kuishi. Mabwana misitu waliosomea walitia shaka kama wanawake wasio na cheti wangeweza kazi hiyo. Wanawake wakatumia vyungu vilivyovunjika na mbegu walizookota, na kufikia mwaka ule wa Nobel miti yao ilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 30. Kwangu mimi zile senti zilikuwa nishani ya kweli kuliko vibao vingi vya chuma nilivyoviona.

Usinielewe vibaya, msomaji, wenye vitalu si malaika. Sura ya milima ya Gusii ya leo wameichora wao, kwa mema na mabaya. Mikaratusi ilipopata soko la nguzo na kuni za viwanda vya majani chai, walioteshea watu mikaratusi, nayo ikashuka hadi kwenye chemchemi na kingo za mito ikanywa maji. Mwaka wa 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru ing'olewe kando ya mito. Lakini mwenye kitalu huotesha anachonunua mteja. Tukitaka mito yetu irudi, tumwombe miti ya asili na tukubali bei yake, kwa sababu baadhi ya mbegu hizo hukawia kuota na nyingine ni shida kuzipata.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo nchini kote tupande miti milioni 100 kwa siku moja. Nilifurahi, nami nilishika jembe. Ila jioni ile kwenye taarifa ya habari nilisikia idadi, nikaona wakubwa na majembe, sikumwona hata mtu mmoja aliyechuchumaa kitaluni. Kwenye maonyesho ya kilimo tunawapa vikombe wenye fahali wanono. Je, waandalizi wangeshindwaje kumpa kikombe mwenye kitalu, si kwa miche aliyopanga siku ya maonyesho, bali kwa ile aliyouza mwaka uliotangulia na bado iko hai? Waamuzi wangelazimika kutembea mashambani na kuchafua viatu. Na wachafue!

Masika iliyopita nilirudi Ogembo. Mama yule hakunikumbuka, na nilishukuru. Nikaomba miparachichi miwili badala ya minne, nikalipa alichotaja bila neno. Akaniuliza nitaipanda wapi, ardhi ikoje, na ni nani atakayeimwagilia. Safari hii nilikuwa na majibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akairudisha chini mmoja ya ile niliyochagua, akanitafutia mwingine ulio na shina nene.