Kiti kwa Kiti Angani

Katikati ya Januari 2026 Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kilibaki na watu watatu: Warusi wawili na Mmarekani mmoja, Chris Williams. Wanne wengine walikuwa wamerudishwa duniani kabla ya muda wao kwa sababu ya tatizo la kiafya la mmoja wao, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kituo kianze kukaliwa Novemba 2000. Asingekuwepo Williams, upande wa Marekani wa kituo hicho, wenye maabara na sehemu kubwa ya mitambo ya umeme, ungebaki hauna mwenyewe. Na alikuwepo kwa sababu hakupanda chombo cha kwao. Alirushwa na Soyuz ya Warusi kutoka Baikonur, Novemba 2025, katika kiti ambacho Marekani haikukilipia hata senti.

Watu hushangaa. Marekani na Urusi zinawekeana vikwazo tangu vita vya Ukraine vianze, iweje ziendelee kupakiana? Wengi hujibu kwamba sayansi haina mipaka. Mimi jibu hilo silikubali. Mipaka ipo tele kule juu, na hesabu zake zinajulikana mpaka nukta ya asilimia.

Msomaji wa Geita au Kahama ana njia ya mkato ya kuzielewa hesabu hizo. Kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Rwamgasa na Nyarugusu, mchimbaji mdogo aghalabu halipwi mshahara. Mwenye leseni ana eneo, mwenye duara anagharamia matimba, pampu na chakula, wachimbaji wanatoa nguvu. Mawe yakipanda juu, mifuko inagawanywa kwa mgao waliokubaliana, na kila mmoja anakwenda na yake kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Fedha taslimu haijapita mkononi mwa mtu, lakini kila mtu anajua anachodai.

Kituo cha anga kinaendeshwa hivyohivyo. Makubaliano ya Januari 1998 yaliunganisha mashirika matano: la Marekani, la Urusi, la Ulaya, la Japani na la Kanada. Urusi inamiliki na kutumia upande wake. Upande wa pili umegawanywa: Marekani asilimia 76.6, Japani 12.8, Ulaya 8.3, Kanada 2.3. Mgao huo unahusu muda wa kazi wa wanaanga na matumizi ya mitambo, na humo ndimo viti vinamotoka. Gharama za uendeshaji nazo hulipwa zaidi kwa vitu kuliko kwa pesa. Ulaya ilipeleka vyombo vitano vya mizigo kati ya 2008 na 2014. Kanada ilitoa mkono wa mitambo, Canadarm2, uliofungwa mwaka 2001 na ambao bado unabeba mizigo nje ya kituo.

Asilimia 2.3 ukiitafsiri kwa watu, inakuwa safari ndefu moja kwa miaka mingi. Robert Thirsk alikwenda 2009, Chris Hadfield akamfuata mwishoni mwa 2012, David Saint-Jacques akasubiri hadi mwisho wa 2018. Hakuna aliyewanyima Wakanada. Mifuko yao ilikuwa michache.

Italia ilicheza vizuri zaidi. Mbali na fungu lake ndani ya Ulaya, iliiundia Marekani makontena makubwa ya mizigo, ikayaita Leonardo, Raffaello na Donatello, na ikadai viti vyake yenyewe. Kwa mlango huo walipita Paolo Nespoli, Luca Parmitano na Samantha Cristoforetti. Ni Italia hiihii iliyorusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kuanzia 1967 hadi 1988. Kenya ilitoa bahari na pwani iliyo karibu na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Kwa kilichotolewa pale, ninavyoona, mwenye eneo alidai kidogo mno.

Tuje sasa kwenye kubadilishana viti, maana hilo ni jambo jingine na halitokani na mgao. Marekani ilipostaafisha vyombo vyake vya zamani Julai 2011, ilikaa karibu miaka tisa bila chombo cha kubeba watu, ikanunua viti vya Soyuz. Kiti cha mwisho kununuliwa, cha Oktoba 2020, kiligharimu takriban dola milioni 90. Mei mwaka huohuo chombo cha kampuni ya SpaceX kilikuwa kimeshapeleka Wamarekani wawili, na biashara ya kununua ikakosa maana. Kila upande ungeweza kusema: wewe panda chako, mimi nipande changu.

Shida ni kwamba kituo hakikubali mpangilio huo. Injini zinazokiinua kinapoanza kushuka ziko hasa upande wa Urusi, na umeme mwingi unatoka upande wa Marekani. Sasa fikiria chombo cha Wamarekani kimepata hitilafu, au abiria wake mmoja anaumwa. Waliokuja nacho wote lazima waondoke nacho, kwa kuwa hakuna kiti kingine cha kuwarudisha. Upande mzima unabaki mtupu, na waliobaki hawana mafunzo ya kutosha ya kuuendesha. Dawa yake ni kumweka angalau mtu mmoja wa kila upande ndani ya kila chombo. Mkataba wa kufanya hivyo ulisainiwa Julai 2022, vita ikiwa na miezi mitano. Septemba Frank Rubio akapanda Soyuz, na Oktoba Anna Kikina akapanda chombo cha SpaceX. Kiti kwa kiti, bila malipo.

Safari ya Rubio ndiyo iliyoonyesha kiti ni kitu gani. Desemba 2022 Soyuz yake, ikiwa imefungwa kituoni, ilitobolewa tundu lisilofika milimita moja, huenda na kijiwe cha angani, na kimiminika cha kupoozea kikamwagika kwa saa kadhaa. Bila kupooza, ndani ya chombo kungekuwa tanuri wakati wa kurudi, na kila mwili wa ziada ungeongeza joto. Wahandisi wakaamua kupunguza mtu. Kiti cha Soyuz kina kitandiko kigumu kilichofinyangwa kwa mgongo wa mtu mmoja tu: mwanaanga hulazwa kwenye plasta laini, umbo lake likachukuliwa, likachongwa mpaka kila mbavu ikapata mahali pake, kwa sababu Soyuz hutua nchi kavu, kwenye nyika za Kazakhstan, na kishindo chake kinaweza kuvunja uti. Januari 2023 kitandiko cha Rubio kiling'olewa kikahamishiwa kwenye chombo cha SpaceX kilichokuwa na watu wanne tayari, kikafungwa sehemu ya mizigo. Ikitokea dharura, angerudi amelala pale. Mwishoni mwa Februari Urusi ilipeleka Soyuz nyingine haina mtu, kitandiko kikarudishwa humo, na Rubio akashuka Septemba baada ya siku 371. Alikuwa ameaga nyumbani kwa miezi sita.

Mkoani Shinyanga mtu hahitaji kufundishwa thamani ya njia ya kutokea. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walikutwa hai baada ya kufukiwa siku 41. Kule angani kanuni ni kwamba idadi ya watu isizidi viti vya kurudia, na anayepanga wafanyakazi huanza hesabu zake na viti hivyo.

Ndiyo maana orodha za wasafiri hubadilika kikatili. Juni 2024 Butch Wilmore na Suni Williams walikwenda kwa majaribio ya siku nane kwa chombo cha Boeing, chombo kikaleta mashaka, kikarudishwa kitupu. Ili wapate viti, safari iliyofuata ya SpaceX iliondoka Septemba na watu wawili badala ya wanne. Waliotolewa ni Wamarekani wawili, Zena Cardman, aliyekuwa awe kamanda, na Stephanie Wilson, mkongwe wa safari tatu. Mrusi Aleksandr Gorbunov alibaki. Wapo waliosema Mrusi kapendelewa. Lakini ukimtoa Gorbunov unavunja mkataba, na Mmarekani aliyepanda Soyuz wiki mbili kabla, Don Pettit, anakuwa deni lisilolipwa.

Kiti kinaweza hata kuzunguka mikononi mwa watu watatu. Mwaka 2021 kampuni ya Axiom ilipata kiti cha Soyuz kutoka kwa Warusi ikakitoa kwa Mmarekani Mark Vande Hei. Shirika la Marekani likailipa kampuni hiyo kwa kiti cha baadaye, nayo ikakiuza kwa Falme za Kiarabu. Machi 2023 akakikalia Sultan Alneyadi, akakaa nusu mwaka na kuwa Mwarabu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani.

Afrika Mashariki haijakalia kiti, ila mizigo yake imepita kwenye fungu la wengine. Maabara ya Kijapani, Kibo, ina mlango mdogo wa kutupia setilaiti nje, na kupitia mlango huo ilitoka setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi Mei 2018, kisha ya Uganda, PearlAfricaSat-1, Desemba 2022. Kila moja ilikuwa kiboksi cha sentimita kumi kila upande. Japani iliweza kuwa mkarimu kwa sababu mlango ni wake.

Kituo kimepangwa kushushwa baharini baada ya 2030, na vituo vinavyoandaliwa kuchukua nafasi yake ni vya kampuni. Hapo mwenye pesa atapanda kama Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alivyopanda mwaka 2002, kwa dola zinazokadiriwa milioni 20. Kwa nchi kama Tanzania naona hiyo ni hasara, maana njia ya Kanada na Italia, ya kutoa kazi na kudai kiti, itakuwa nyembamba. Wakanada wenyewe wameshahamishia madai yao kwenye safari za mwezini: Aprili 2023 Jeremy Hansen alitajwa miongoni mwa wanne wa Artemis II, kwa malipo ya mkono mwingine wa mitambo ambao wakati huo ulikuwa haujakamilika.