Rangi ya Kucha Yenye Nasaba na Baruti

Kila yanapowadia majira ya joto katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, maduka ya urembo hujaa rangi za kucha zenye kung'aa kupita kiasi, na iliyo mashuhuri miongoni mwazo ni ile ya waridi kali iitwayo "neon". Yamkini askari atauliza: habari za kucha za kina mama zanihusu nini mimi mwenye bunduki? Zamhusu sana. Kichupa kile kidogo kina nasaba na baruti, na rangi za jinsi ile zilikwisha kuokoa roho za askari vitani.

NASABA YA BARUTI

Mwaka 1846, mwanakemia Christian Friedrich Schönbein wa mji wa Basel, Uswisi, alitangaza kwamba pamba iliyochovywa katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya sulfuriki hugeuka kuwa kitu kiwakacho kwa ghafula. Kitu hicho ndicho nitroselulosi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alikitumia kutengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi, na tangu hapo mpiga risasi hakufichuliwa tena na wingu la bunduki yake.

Nitroselulosi yenye nitrojeni pungufu haina ukali huo. Huyeyushwa katika vimiminika viitwavyo asetati, ikapakwa. Vimiminika hivyo hukauka upesi, ukabaki utando mgumu wenye kung'aa. Hiyo ndiyo rangi ya kucha. Haitalipuka kidoleni, lakini ingali rafiki wa moto: isipakwe karibu na jiko wala penye sigara.

RANGI ILIYOKWENDA VITANI

Ndani ya kichupa hamna gesi ya neoni. Jina limeazimwa kutoka taa za neoni, ambazo Georges Claude alizionyesha mjini Paris mwaka 1910. Siri yake ni nyingine. Jua hutoa pia mionzi isiyoonekana kwa jicho. Rangi ya kawaida hurudisha tu sehemu ya nuru iliyoiangukia. Rangi hii huinyonya ile mionzi iliyofichika pamoja na nuru ya buluu na kijani, kisha huitoa ikiwa imegeuka nuru iliyo karibu na wekundu. Ndiyo maana jicho hushtuka, na ndiyo maana hupendeza zaidi juani kuliko chini ya taa hafifu.

Rangi za namna hii ziliendelezwa Marekani na ndugu wawili, Bob na Joe Switzer, walioanza majaribio yao katika miaka ya 1930. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Marekani yaliyokuwa Afrika ya Kaskazini yalitandaza chini vitambaa vya rangi hizo, ili marubani wawatambue wenzao wasije wakawadondoshea mabomu.

Leo askari wa barabarani avaaye kizibao cha rangi kali hulindwa na siri ile ile. Lakini na aujue mpaka wake. Usiku mionzi ya jua haipo, na rangi hiyo hupoteza nguvu zake. Kimwokoacho gizani ni ule ukanda unaorudisha mwanga wa taa za gari. Kizibao kisicho na ukanda, au kilichopauka kwa jua, si ngao.

NAMNA YA KUIJARIBU

Atakaye kuijaribu kuchani na asafishe kucha kwanza, apake utando wa chini usio na rangi, kisha tabaka jembamba la rangi nyeupe. Bila weupe huo waridi huonekana hafifu. Baadaye apake tabaka mbili nyembamba za waridi, akingoja kila moja ikauke. Aghalabu rangi hii hukauka bila mng'ao, basi amalizie kwa tabaka angavu la juu. Kuiondoa hutumiwa asetoni, nayo huwaka upesi.

PAMBO NA SARE

Mwaka 2021 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliwaruhusu askari wanawake kupaka rangi nyingi zaidi za kucha wakiwa katika sare, lakini likakataza waridi kali na rangi zote za neon. Askari wanaume waliruhusiwa rangi angavu isiyo na rangi yoyote. Katazo hilo si vigumu kulielewa: rangi iliyotumiwa ili ionekane toka angani haimfai mtu ambaye pengine uhai wake u katika kutoonekana. Tena kucha ni dirisha la mganga. Majeruhi akipungukiwa na hewa, ubuluu huonekana hapo, na rangi huuficha.

Kila chombo kwa wimbile. Dada askari aliye likizoni na ajipambe apendavyo, kwa kadiri amri za jeshi lake zinavyomruhusu. Na siku ya kurejea kazini, kabla hajafunga mkanda, aifute. Kuna saa ya kuonekana na saa ya kujificha, na askari hodari huzijua zote mbili.