Satelaiti inayojiamulia yapita juu ya Lubumbashi, lakini data zake zashukia Malindi

Mkaaji wa Annexe, upande wa Luano, amezoea kuona ndege zikishuka. Rubani anashika usukani, mnara unamwongoza kwa redio. Juu zaidi kunapita chombo kisicho na rubani: Swift, satelaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004. Njia yake haiendi mbali na ikweta, kwa hiyo inafika hata juu ya mji wetu. Data zake nyingi hushukia Malindi, Kenya (nchi, si komini yetu), kwenye kituo cha Waitalia. Ni pwani hiyohiyo ilikorushwa satelaiti Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970.

Swift inavizia milipuko mikubwa ya mbali angani, mingine ya sekunde chache tu. Ukingoja mtu aamke, asome ujumbe na kuandika amri, umechelewa. Basi inageuka yenyewe, mara nyingi ndani ya sekunde 90 hivi.

Je, watu wa chini wamekosa kazi? Hapana. Wahandisi wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani, huituma ratiba mapema, na kila kitu cha kutazamwa kina namba ya umuhimu. Mlipuko ukitokea, kompyuta ya satelaiti inalinganisha namba hizo, kisha inaamua. Ugumu wa kutengeneza mfumo huo uko hapo: kujibu leo swali litakalotokea wakati hakuna mtu kwenye laini.

Januari 2022 swali lilikuja. Moja kati ya magurudumu 6 yanayoigeuza lilionyesha hitilafu. Satelaiti ilisimamisha kazi yenyewe, ikajilinda, ikangoja. Wahandisi walilizima gurudumu hilo, wakapima, na mwezi uliofuata Swift ikarudi kazini na magurudumu 5. Kujua wakati wa kunyamaza na kumngoja mtu, kwangu hiyo ndiyo akili yake kubwa.

Kituo cha namna hiyo kingewezekana Annexe? Nafasi iko, na anga ni wazi. Lakini satelaiti kama hii ikipita huonekana dakika 10 hivi. Umeme ukikatika katikati, data zinangoja mzunguko mwingine, zaidi ya saa moja na nusu. Mimi ningenunua betri kwanza, antena baadaye.