Sumu inayozaliwa moshi ukipoa

Waulize watu namna ya kuteketeza sumu iliyomo kwenye taka, wengi watakujibu: moto. Kwa dioksini, jibu hilo ni nusu ya ukweli. Moto mkali huivunja kweli, lakini sumu hiyo huzaliwa upya njiani, moshi ukishatoka tanurini na kuanza kupoa.

Dioksini na ndugu zake furani ni kemikali 210 zenye klorini, na 17 kati yake ndizo zinazoogopwa. Hakuna anayezitengeneza ili aziuze. Ni mabaki ya shughuli nyingine. Ile kali kupita zote, TCDD, ilitangazwa mwaka 1997 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Dioksini huvuruga pia homoni, kinga ya mwili na ukuaji wa mtoto tumboni. Ikishaingia mwilini hujificha kwenye mafuta, na huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu tu. Wala si puani inakoingilia zaidi. Zaidi ya asilimia 90 tunaila, hasa kwenye nyama, maziwa, samaki na mayai. Moshi hutua kwenye majani, ng'ombe akayala, nasi tukanywa maziwa.

Dunia ilishtuka Julai 1976, kiwanda cha kemikali karibu na mji wa Seveso, Italia, kilipotoa wingu la sumu hiyo. Mwaka uliofuata, Kees Olie na wenzake huko Amsterdam waliikuta mahali ambapo hakukuwa na ajali yoyote: kwenye jivu la matanuri ya kawaida ya taka za mji.

Inafikaje huko? Tanuri likifika nyuzi joto 850 na gesi ikakaa humo walau sekunde 2, dioksini iliyokuwemo huvunjika. Kisha moshi hupita kwenye mabomba ukipoteza joto. Kati ya nyuzi 450 na 200, jivu laini lililoganda mabombani hugeuka jiko la sumu: lina kaboni ambayo haikuungua, lina klorini iliyotoka kwenye plastiki ya PVC na chumvi ya mabaki ya chakula, na lina chembe za shaba zinazochochea vitu hivyo viungane. Kinachokera zaidi ni kwamba mitambo ya zamani ya kunasa vumbi kwa umeme ilifanya kazi kwenye joto hilohilo, karibu nyuzi 300. Kifaa kilichowekwa kusafisha moshi kikawa kinauongezea sumu.

Dawa yake ni kupoza kwa haraka. Moshi hunyunyiziwa maji ili uvuke dirisha hilo la joto kabla kemikali hazijapata nafasi ya kuungana. Baada ya hapo hupulizwa chokaa inayotuliza asidi, pamoja na unga wa mkaa maalumu unaonyonya dioksini, halafu vyote hunaswa kwenye mifuko mirefu ya kitambaa. Ulaya inadai kinachotoka juu ya bomba kisizidi nanogramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Inawezekana: Ujerumani ilishusha dioksini ya matanuri yake ya taka kutoka gramu 400 kwa mwaka 1990 hadi chini ya nusu gramu mwaka 2000. Japani nayo ilipitisha sheria maalumu mwaka 1999, ikafunga matanuri madogo mengi.

Hata hivyo, kilichonaswa hakijafa. Kimehamia kwenye jivu la vichujio, na jivu hilo likimwagwa ovyo, kazi yote imekuwa bure. Tena hakuna saa ukutani inayoonyesha dioksini ikipanda. Sampuli huvutwa kwa saa 6 hadi 8, kisha hupelekwa maabara yenye gharama kubwa. Ndiyo maana mhudumu makini huchunga joto na kaboni monoksaidi kila dakika, na huogopa zaidi saa za kuwasha na kuzima, moto ukiwa dhaifu.

Sasa tuje kwetu. Hospitali na zahanati nyingi zina tanuri dogo la matofali, mara nyingi la aina ya De Montfort, lililobuniwa Uingereza kwa nchi zisizo na uwezo mkubwa. Halina kipozeo wala chujio, na huwashwa na kuzimwa kila mara. Sitasema libomolewe kesho. Sindano iliyotupwa jalalani inaweza kumwambukiza mtoto homa ya ini au VVU. Ila si kila kitu kiingie humo. Mifuko ya damu na mipira mingi ya dripu ni PVC, yaani klorini tupu kwa moto huo. Mashine za mvuke huua vijidudu bila kuchoma, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizozijaribu kwenye mradi wa Umoja wa Mataifa.

Ombi langu kwa wasimamizi wa vituo ni dogo na halisubiri bajeti: tenganisheni PVC wodini, zungushieni shimo la jivu uzio, na fukuzeni kuku wanaochakura hapo. Mayai yao yanaliwa.