Klipu Moja, Mlango Mzima

Wiki hii nataka tuzungumzie kitu kidogo mno: klipu ya plastiki inayoushika ule ukanda wa ubavuni mwa mlango wa gari.

Gari linalopita barabara za vumbi za Chunyu, upande wa Nachingwea na Ruangwa, hutikisika kutwa. Jua hukausha plastiki, mtikisiko huivunja, na ukanda huanza kupigapiga. Mwenye gari, kwa haraka zake, humwambia fundi: "Nishikizie tu." Fundi hukaza skrubu ya chuma, ukanda ukatulia, na kila mtu akaenda zake ameridhika.

Mimi nasema hapo ndipo hasara inapoanza. Bati la gari halilindwi na unene wake bali na rangi. Klipu hukaa ndani ya tundu bila kuichubua rangi hiyo. Skrubu hujikatia njia, ikaacha chuma kitupu. Maji na hewa vikikutana hapo, kutu huanza, tena kwa ndani, mahali usipopaona. Siku utakapoona rangi imefura nje, bati limekwisha kuliwa.

Na gari hilo likishuka Lindi hupigwa na upepo wa bahari. Chunyu kwa Kiswahili ni chumvi inayobaki mwilini baada ya kuoga baharini. Gari nalo hupata chunyu yake, na chumvi huharakisha kutu.

Tufanyeje basi? Ng'oa ukanda kwa kabari ya mti iliyofungwa kitambaa, si kwa bisibisi tupu. Osha vumbi, pakauke. Tazama ukingo wa tundu. Ukiona kutu, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, usubiri ikauke kabisa. Ndipo uweke klipu mpya ya kipimo kilekile. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Usikubali tundu lipanuliwe kwa drili, maana chenga za chuma huanguka ndani ya mlango na kushika kutu. Hakikisha pia vitundu vya kutolea maji chini ya mlango havijaziba.

Kwa dereva wa teksi au pikapu, gari ndilo shamba lake. Klipu hununuliwa kwa fedha ya mfukoni. Mlango uliooza hula mapato ya siku nyingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hadi wiki ijayo, safari njema.