Kamba wa kwenye beseni ana akili? Mpimeni bila kumtesa

Maji yakitoka Mangapwani, kamba wadogo hubaki kwenye vidimbwi vya miamba, na haipiti muda mmoja ametiwa chupani na mtoto. Jioni yuko nyumbani, na swali linakuja: "Mama, huyu anatujua?"

Mwache apime mwenyewe. Ila kwanza mtoeni chupani, hewa humuishia upesi. Beseni pana la maji ya bahari, kivulini, na jiwe la kujifichia. Maji yakipungua kwa joto, ongezeni maji matamu kidogo, si ya bahari, kwani chumvi imebaki ndani. Chumba hicho kisipulizwe dawa ya mbu. Humuua na yeye.

Sasa jaribio. Kila jioni saa ileile, mtoto atie chembe ya samaki upande uleule, karibu na kijiwe cheupe, na aandike dakika anazochukua kamba kufika. Afanye hivyo siku saba. Siku ya nane badilisheni maji, kijiwe kihamie upande wa pili, na chakula kisitiwe. Kamba ananusa vizuri sana, na bila kubadilisha maji mtamsifu kwa kumbukumbu kumbe amefuata harufu tu. Je, atakwenda mahali alipozoea, au kwenye kijiwe? Au hatakwenda kokote? Hilo nalo liandikwe.

Kumchokoa kwa kijiti si jaribio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walichapisha mwaka 2008 kwamba kamba aliyepakwa asidi ya siki kwenye sharubu moja aliisafisha na kuisugua hiyohiyo. Akipakwa ganzi kwanza, alijisugua kidogo. Wataalamu bado wanabishana kama hayo ni maumivu, lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 imewahesabu kamba na kaa kuwa wanyama wenye hisia. (Sisemi tuache wali kwa kamba.)

Asubuhi moja mtoto anaweza kulia: kamba amekufa! Tazameni tena. Huenda ni gamba tupu, na mwenyewe yuko chini ya jiwe, mwili laini, hana kinga. Siku hizo asipimwe wala asiguswe. Gamba liacheni, hulila.

Wiki mbili zinatosha. Bamvua lijalo, mtoto amrudishe kwenye kidimbwi kilekile alikomtoa, na daftari lake mkononi.