Mwenye Pupa Hakosi Kukosa Shabaha
Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo mjini Thika, hushiriki mashindano ya Counter-Strike, mchezo wa kompyuta wa kulenga shabaha uliozinduliwa mwaka 2000. Alijinoa kila usiku chumbani mwake Ruiru hadi alfajiri. Kifundo cha mkono kikamuuma, darasani akasinzia, na shabaha yenyewe ikazidi kumponyoka.

Nilimshauri afanye zoezi la nusu saa, apumzishe mkono na macho, kisha alale. Maana ubongo huimarisha usingizini yale ambayo mkono umejifunza. Mwezi haukuisha kabla mkono wake haujatulia.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutambua uraibu wa michezo hii kuwa maradhi. Walimu wenzangu, tusiipige marufuku, tufunze kiasi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.